Kinachosafiri Kambani

Nchi ile haikuwa na barabara wala mto, wala kitu kingine cha kumwambia mtu aelekee wapi. Ilikuwa na Kamba. Kamba ilianzia kwenye kiganja cha Mtikisaji, ndani ya Nyumba ya Mwanzo, ikakatiza uwanda mweupe usioota hata jani, ikaenda, ikaenda, mpaka Ukingoni, mahali ambapo ardhi yenyewe ilikuwa imechoka kuendelea. Kila aliyezaliwa alizaliwa kando ya Kamba, akapewa mahali pake pa kusimama, mikono mbele, viganja wazi, Kamba imelala juu yake. Asiye na mahali kambani hakuwa na jina. Sheria hiyo haikuandikwa popote, na kwa kuwa haikuandikwa popote hakuna aliyejua pa kuifutia.

Mtikisaji alipoinua mkono, wimbi lilizaliwa. Lilimpandisha wa kwanza, nyayo zikaachana na ardhi, akakaa hewani kwa muda wa pumzi moja, akashuka. Kabla hajatua sawasawa, wa pili alikuwa ameshapanda. Huko juu mtu aliiona nchi nzima, akajiona na yeye alivyokuwa na atakavyokuwa, na alipotua alisahau yote, akabaki na ladha tu, kama mtu aliyeamka na jina la mtu mdomoni asijue ni la nani. Watu wa nchi ile waliishi kwa ajili ya pumzi hiyo. Ungewauliza wimbi ni nini, wangekuona umerukwa na akili. Wimbi ni Mtikisaji, wangekwambia, anatembea juu ya mikono yetu.

Somoe alikuwa Mpima, na usimdhanie karani. Kazi ya Mpima ni kukimbia na wimbi. Anatoka nalo Nyumba ya Mwanzo, kilele kikiwa usawa wa bega lake, na hakiachi mpaka Ukingoni, kisha anarudi kutoa habari kama limewahi au limechelewa. Kazi hiyo ina ajabu yake, na ajabu hiyo huijui mpaka uikimbie. Ukikimbia sawasawa na kilele, kilele hakiendi. Kinasimama pale begani pako, kilima kilichotulia, na watu ndio wanaorudi nyuma, uso baada ya uso, kila mmoja akipanda kilima kile na kukishuka upande wa pili. Wakati nao unasimama. Ni pumzi ile ile moja, haishi. Somoe alikuwa amekimbia mawimbi mengi hata wenzake wa utotoni walikuwa wameota mvi na yeye bado ana shingo ya mwari. Alijivuna kwa hilo. Alitembea kifua mbele, kibwebwe cha Mpima kimekazwa kiunoni, na hakumpisha mtu njia. Usimkunjie uso kwa kiburi hicho, maana mbele ya safari tutakihitaji.

Siku tunayoisimulia, wimbi lilimtia aibu.

Lilitoka vizuri, kilima cha kueleweka, lakini kadiri walivyokwenda ndivyo lilivyozidi kulegea. Kufika katikati ya nchi Somoe aliacha kukimbia, akawa anatembea. Kukaribia Ukingoni akawa anasubiri. Hebu fikiria, Mpima mzima, amesimama mikono kiunoni, analisubiri wimbi kama mtu anayemsubiri mtoto mtundu afunge viatu! Lilipofika lilikuwa limebaki kitetemeko. Na halikuwa la kwanza kufika hivyo. Mawimbi yalikuwa yakichelewa kwa miaka, kila moja zaidi ya lililotangulia, na Nyumba ya Mwanzo ilikuwa imeshatoa maelezo yake: kuna watu kambani wanaokunywa wimbi. Wanalipokea, wanabaki nalo tumboni, wanapitisha makombo.

Mnywa wimbi hupimwa kwa kitambaa. Hufungwa kitambaa chekundu kwenye Kamba, hatua moja mbele ya anayeshukiwa, kisha husubiriwa wimbi. Akiwa msafi, wimbi litakichukua kitambaa na kumfikishia. Akiwa mnywaji, kitambaa kitapanda na kushuka pale pale kilipofungwa. Hapo Mpima hurudi Nyumba ya Mwanzo kutamka neno moja, "Amekunywa," na wimbi linalofuata, ambalo ndilo hubeba amri, likifika, mtu huyo hukatwa kambani. Mahali pake huzibwa. Jina lake halitajwi tena, na baada ya muda hata yeye mwenyewe hulisahau.

Faki, Msimamizi wa Ukingo, alikuwa amekaa juu ya jiwe na kisu chake mapajani. Alikuwa mtu mpole, wa sauti ya chini, aliyependa mambo yaende kwa taratibu.

"Umeona mwenyewe, Mpima," alisema. "Limefika linakokota miguu. Na kitambaa hiki hapa, hakijaenda popote. Nasubiri neno lako."

Somoe alikitazama kitambaa. Kilikuwa kimefungwa mbele ya mtu wa mwisho kabisa wa Kamba, mwanamke aliyejizungushia ncha yake kiunoni, visigino vyake vimezama katika mashimo mawili aliyoyachimba kwa kusimama kwake tu. Mwanamke huyo aliitwa Mize. Ndiye aliyemzaa Somoe.

Wapima hawana wazazi. Siku ya kufungwa kibwebwe huapa hivyo, na Somoe aliapa kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote.

"Niachie nizungumze na mshukiwa," alimwambia Faki, na Faki, mtu wa taratibu, akasogea pembeni.

"Umekonda, mwanangu," alisema Bi Mize.

"Usiniite hivyo. Wanasikia."

"Na wasikie. Kwani nimekuiba?" Bi Mize alikuwa mzee sasa. Somoe hakuwa amemtazama usoni tangu aape; alihesabu kwamba amemwacha jana, akiwa na nywele nyeusi, na hapo ndipo alipojua ile pumzi moja isiyoisha ilikuwa imegharimu nini upande huu. "Unataka kuniuliza kama nimekunywa. Uliza."

"Umekunywa, mama?"

"Sijanywa. Na kuomba siombi. Ukiamua kusema nimekunywa, sema umesimama wima, usigugumize, nisije nikaaibika na mtoto niliyemlea mwenyewe." Akaitazama Kamba. "Tulikuwa wengi hapa, unakumbuka? Kundi zima, Kamba imetuzunguka viunoni, tunavuta kwenda nyuma. Wenzetu wakisema, hawa wa Ukingoni hawana kazi, wamesimama tu. Wakatukata mmoja mmoja. Siku zile Kamba ilikuwa haigusi chini. Sasa hebu litazame hilo tumbo lake."

Somoe alitazama. Kati ya kila watu wawili Kamba ilikuwa imeshuka mpaka imelala mchangani, kamba ya kuanikia iliyozidiwa na nguo mbichi.

"Nenda kaseme unalojua," alisema mama yake. "Mimi nipo hapa. Mimi siendi popote."

Hukumu ya Mpima hutamkwa Nyumba ya Mwanzo, mbele ya Mtikisaji. Somoe akaianza safari ya kurudi, na kwa mara ya kwanza maishani hakurudi mbio kuwahi wimbi jingine. Alitembea tu. Nyuso zilizokuwa zikimpita mbio siku zote sasa zilimngoja, zikamtazama, zikageuka watu. Akili yake nayo ikaanza kujisemea yenyewe, vipande vipande, bila kumwomba ruhusa.

Sijanywa, amesema. Mama hajawahi kusema uongo, hata pale uongo ungemfaa.

Kitambaa hakikwenda. Kweli hakikwenda. Nimekiona.

Je, kuna aliyewahi kukiona kikienda?

Alisimama. Aliyesimama mbele yake kambani alikuwa kijana wa miraba minne, Vuai, ambaye Nyumba ya Mwanzo ilikuwa ikimsifu kila mwaka kwa usafi wa mikono yake.

"Mpima!" alisema Vuai. "Leo kwa miguu? Umepotea njia?"

"Vuai, umewahi kunywa wimbi?"

"Mimi? Mungu apishe mbali! Niulizie kwa yeyote."

"Umewahi kupimwa kwa kitambaa?"

Vuai alicheka. "Anapimwa mshukiwa, Mpima. Mtu msafi anapimwa kwa lipi?"

Basi Somoe akafungua kibwebwe chake. Kitu hicho hakijawahi kufanywa na Mpima yeyote, na Vuai alifumba macho kwa heshima. Akakifunga kwenye Kamba, hatua moja mbele ya kijana yule msafi, wakasubiri pamoja. Wimbi lilikuja, dogo, la uvivu. Kibwebwe kikapanda. Kikashuka. Kikabaki pale pale kilipofungwa, kinaning'inia, hakina habari.

Vuai alifumbua macho, akabadilika rangi. "Mpima, tafadhali. Nina watoto. Usinitaje."

"Tulia," alisema Somoe. "Hujanywa kitu. Ulichopewa chote umekitoa." Akaanza kucheka, na kicheko hicho kilikuwa na machozi ndani yake, na hasira, na furaha ya mtu aliyekuwa akitafuta ufunguo nyumba nzima na kuukuta mkononi.

Haendi mtu. Hakiendi kitambaa. Kamba yenyewe haiendi, ingekuwa inakwenda ingekuwa imeshaisha Nyumba ya Mwanzo na kurundikana kwa mama. Vuai amepanda hapa na ameshuka hapa, unyayo ule ule katika alama ile ile. Sasa ni nini nilichokuwa nakimbia nacho maisha yangu yote? Kilikuwa begani pangu, nilikiona! Kilima. Lakini kilima cha nani? Kila hatua kilikuwa kilima cha mtu mwingine. Mtikisaji ameinua mkono mara moja, akaushusha, labda sasa hivi amelala, na huku bado watu wanapanda. Hawapandishwi naye. Anayempandisha mtu ni jirani yake. Kinachosafiri ni kupokezana, basi. Umbo linakwenda, watu wanabaki, na linakwenda kwa sababu wanabaki. Wote wangeondoka kulifuata, lingekufa pale pale.

Alikiacha kibwebwe kambani. Alifika Nyumba ya Mwanzo kiuno wazi, kichwa juu, na mwendo wake ulikuwa ule ule wa kutompisha mtu.

Mtikisaji alikaa peke yake katika chumba kisicho na dirisha. Hakuwa mzee wala kijana. Mkono wake wa kulia ulikuwa mnene kama gogo, na wa kushoto mwembamba, mkono wa mtoto, kwa kuwa hakuwahi kuhitaji kuutumia. Tangu azaliwe hakuna kitu kilichowahi kumgusa. Yeye ndiye aliyegusa.

"Tamka," alisema.

"Hakunywa, Mwenye Mwanzo."

"Kitambaa kilikwenda?"

"Hakikwenda. Hakijawahi kwenda kwa mtu yeyote. Nimekifunga kwa Vuai, hakikwenda. Kikifungwa hapa, kwenye mkono wako, hakitakwenda pia. Kwa sheria yako, wewe ndiye mnywaji wa kwanza."

Waliokuwa mlangoni walishika vichwa. Mtikisaji hakukasirika. Alimtazama kwa udadisi, kama ndiyo kwanza anaambiwa kuwa ana uso.

"Kama hakuna anayekunywa," alisema, "kwa nini mimi nachelewa kufika?"

"Wewe hufiki, Mwenye Mwanzo. Hujawahi kutoka chumba hiki."

"Nikitikisa kwa nguvu zaidi nitafika upesi."

"Tikisa, basi. Nitakwenda nalo kando nikwambie."

Akatikisa. Mkono ule mnene ulipanda mpaka darini, na kilima kilichotoka mlangoni kilikuwa kirefu kuliko nyumba. Watu walipiga mayowe huko juu. Somoe alitembea kando yake, mikono nyuma, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni asubuhi. Hakuongeza hatua. Akarudi.

"Kirefu," alisema. "Mwendo ule ule."

Mtikisaji akatikisa tena, safari hii haraka haraka, juu, chini, juu, chini, jasho linamtiririka, na vilima vikatoka vimebanana, kimoja kinakanyaga kisigino cha mwenzake. Somoe akatembea navyo. Akarudi.

"Vingi," alisema. "Vimesongamana. Mwendo ule ule." Akasogea karibu, karibu kuliko mtu yeyote aliyewahi kuthubutu, na alisema polepole ili asikosee hata neno moja. "Mkono wako unaamua wimbi liwe kubwa au dogo, liwe moja au msururu. Hicho ni chako, nami sikunyang'anyi. Lakini mwendo si wako. Mwendo ni wa Kamba. Kamba ikikazwa, wimbi linaruka. Ikilegea, linatambaa. Na waliokuwa wakiikaza ni wale wa Ukingoni, waliosimama tu, uliowakata mmoja mmoja kwa sababu wimbi limechelewa. Kila ulipomkata mmoja likachelewa zaidi, ukamkata mwingine. Amebaki mmoja. Mkate huyo na Kamba yote italala chini, nawe utatikisa mchanga."

Huenda Mtikisaji alielewa. Mimi naamini alielewa, na ndiyo maana alisema alilolisema. Kuna watu ukiwaonyesha mlango wanaufunga.

"Natuma wimbi la amri sasa," alisema. "Likifika Ukingoni, Faki atamkata. Huhitajiki kutamka."

Akainua mkono.

Somoe alikuwa ameshatoka nje. Maisha yake yote alikuwa amekimbia na wimbi, sambamba, kwa adabu. Hajawahi kulipita. Mpima anayelipita wimbi, waliambiwa, atazeeka njiani, kwa sababu atakuwa ameichana ile pumzi iliyosimama. Alilipita. Kilele kikabaki nyuma ya bega lake, kisha nyuma kabisa, na wakati ukamrukia kwa pamoja, wote, ule aliokuwa amekopeshwa. Magoti yalimuuma. Nywele zikageuka majivu akiwa anakimbia, na alipomwona Vuai, Vuai hakumtambua. Lakini mbele ya wimbi amri ilikuwa bado haijatolewa. Watu aliowapita waliishi katika saa ambayo mama yake hana kosa, na Somoe alikimbia ndani ya saa hiyo kwa kila kilichobaki miguuni mwake.

Ng'ambo kidogo ya Ukingo walikaa wale waliokatwa, wameipa Kamba mgongo, kimya, hawana majina.

"Mama!" alipiga kelele kabla hajafika. "Waite! Wewe unawakumbuka!"

Bi Mize alimtazama mwanamke yule mwenye mvi anayekuja mbio, na hakusita hata kidogo. Mama hapotezwi na nywele.

Akageuza shingo. "Bi Riziki!" aliita. "Machano! Subira wa Kombo, inuka hapo ulipokaa! Mwinyi, wewe mguu wako ulikuwa wa kushoto mbele, njoo uuweke!" Aliita na kuita, na kila jina lililotoka lilimkuta mwenyewe, likamwingia, na mgongo mmoja ukageuka kuwa uso. Wakaja. Walikuja kama watu waliochelewa karamu, wanasukumana, wanaulizana nani alisimama wapi, na mashimo ya visigino vyao yalikuwa bado yapo chini ya mchanga, yanawangoja. Wakajizungushia Kamba. Wakaegemea nyuma. Somoe, aliyepita Ukingoni mara zote hizo na hajawahi kushika, alishika nyuma ya mama yake.

Faki alisimama na kisu. "Taratibu haziruhusu," alisema kwa upole.

"Umepata amri?" aliuliza Somoe.

Faki akafikiri. "Bado."

"Basi subiri amri yako."

Wakavuta. Kamba ikaguna. Tumbo la kwanza likanyanyuka mchangani, likafuata la pili, na la tatu, mpaka macho yalipoishia, na kote kambani watu walihisi viganjani mwao kitu ambacho babu zao ndio waliowahi kukisimulia. Kamba ilikuwa inaimba. Kule katikati ya nchi wimbi la Mtikisaji lilikuwa likijikokota na amri yake, na lilipokanyaga Kamba iliyokazwa liliruka. Vuai alipandishwa na kushushwa kabla hajamaliza kufungua kinywa. Lilikuja kwa kishindo cha nyayo, elfu kwa elfu, kila mmoja akitua pake, na Faki akaliona, akainua kisu, na lilikuwa limeshafika.

Lilimgonga Bi Mize kiunoni. Hakwenda. Visigino vyake havikutoka shimoni hata upana wa ukucha. Na wimbi, lilipokuta mtu asiyekwenda, lilipinduka: kilichokuwa kilima kikawa bonde, juu ikawa chini, likageuka na kuondoka mbio kurudi lilikotoka. Faki alibaki ameinua kisu, hajui afuate amri iliyofika au ile iliyokwisha ondoka.

"Nenda nalo," alisema Bi Mize, anahema, uso umemwaka kwa fahari. "Wewe si Mpima? Kimbia nalo!"

Somoe akakimbia na mvi zake. Hapajawahi kuwa na Mpima aliyekimbia na wimbi kuelekea Nyumba ya Mwanzo, kwa kuwa wimbi halijawahi kuelekea huko. Begani pake palikuwa na bonde lililotulia, na watu waliingia humo na kutoka, wanainama na kuinuka, na kila aliyeinama alicheka, kwa sababu alijua kuinama huku hakujaagizwa na Nyumba ya Mwanzo. Walimpigia vigelegele. Hakuwatazama. Alikimbia kifua mbele mpaka mlangoni, akaingia pamoja na wimbi.

Mtikisaji alikuwa ameketi, mkono umetulia, anangoja habari. Kamba ikashuka. Ikauvuta ule mkono mnene kwenda chini, taratibu, bila kumwomba, ukapita kifua chake, ukapita paja lake, mpaka vidole vya mkono ulioinua nchi nzima vikagusa sakafu. Alijaribu kuuzuia na ule wa kushoto. Hakuweza. Alibaki hivyo, ameinama, anatetemeka, na alipoinua macho yalikuwa macho ya mtu aliyeguswa kwa mara ya kwanza.

"Nani huyo?" alinong'ona. "Nani aliyenivuta?"

Somoe alisimama wima. Pumzi ilikuwa imemwishia, lakini neno lile alikuwa ameliwekea akiba, na alilitamka kwa sauti ambayo waliokuwa nje, wameshika Kamba, waliisikia na kuipokeza kwa jirani.

"Huyo ni mama yangu."